Sinia ya Bibi Karoti

Sitaapa. Wote walioapa mbele yangu walikuwa waongo, na mmoja wao nitamtaja kwa jina kabla sijamaliza. Nasema tu kwamba sinia yenyewe iko jikoni kwangu Rissne, hapa Stockholm, juu ya kabati, na asiyeamini aje aishike. Aiweke mezani aone inavyochechemea. Mimi shule niliishia darasa la nne, sijui kupamba maneno. Lakini macho ninayo, na yaliyonipata Vällingby yalinipata nikiwa mzima, sina homa, sijanywa kitu isipokuwa chai.

Ili unielewe lazima nianze na baba.

Baba yangu aliitwa Yohana. Alikuwa mpishi wa wamisionari Waswidi kwetu Kongo, kwenye milima iliyo juu ya Ziwa Tanganyika. Nyumba aliyopikia ilikuwa ya nesi mmoja mrefu, mwenye nywele za rangi ya machungwa. Wakubwa walimwita Madamu. Sisi watoto tulimwita Bibi Karoti, na yeye alijua, na alicheka. Jina lake la kwao sikulijua kamwe. Usinicheke. Nani kati yetu alijua majina ya wale wazungu?

Bibi Karoti alikuwa na sinia ya nyama, fedha tupu, si bati. Aliachiwa na bibi yake aliyekuwa Mwingereza, na bibi yake naye aliikuta kwao. Ilifuliwa enzi za malkia Viktoria. Baba alinigeuzia siku moja akanionyesha mihuri chini yake kwa ncha ya kisu: simba mdogo anayetembea ameinua mguu, na kichwa cha mwanamke mwenye pua nyembamba.

"Huyu ndiye Viktoria," akaniambia. "Amekufa zamani, lakini bado anaangalia nani anakata nyama vibaya."

Katikati ya sinia walichonga mti. Shina, na matawi kushoto na kulia, yote ni mifereji. Nyama ikikatwa, mafuta yanashika matawi, yanateremka kwenye shina, yanatuama kwenye kishimo mwisho wa sinia. Juu yake kilikaa kifuniko kama kuba la kanisa. Siku ya Krismasi baba alivaa koti jeupe, miguu peku, akabeba mguu mzima wa mbuzi kutoka jikoni mpaka mezani chini ya lile kuba, na sisi tulichungulia dirishani tumebana pumzi. Wazungu walikula kidogo tu, unawajua. Halafu sinia ilirudi jikoni, na kilichobaki kwenye kishimo kilikuwa chetu. Baba alitumegea bugali wa moto, tukachovya kwa zamu, mdogo kwanza. Nimekula mengi tangu hapo. Nimekula kwenye kambi, nimekula kwenye ndege, nimekula krismasi ya Waswidi na samaki wao watamu kama peremende. Utamu wa kile kishimo sijaukuta tena.

Nilipokuwa na miaka minane niliangusha kifuniko. Kikabonyea. Baba hakunipiga. Alifunga mwiko kwa kitambaa, akalinyoosha bonde lile kutoka ndani, taratibu, usiku kucha karibu, ikabaki alama ndogo kama ukucha. Na mwaka mwingine mguu mmoja wa sinia ulibanduka, fundi wa baiskeli akaulehemu, akaufanya mfupi. Tangu siku hiyo sinia ikawa inachechemea. Weka alama hizo mbili akilini, ukucha na mguu mfupi, maana nitazirudia.

Sasa huyo mtu. Anaitwa Baltazari. Alikuwa karani wa misheni, ndiye aliyeshika funguo za stoo na aliyeandika vitu. Mwaka ule wa vita ya kwanza ya kwetu Kongo wazungu walikimbia kwa haraka, siku mbili tu, masanduku na watoto na mbwa. Baada yao watu wakaanza kuulizana: redio iko wapi? Mashuka ya hospitali yako wapi? Na feza ya Madamu, ile sinia, iko wapi?

Wenye bunduki walipofika walikuja na swali hilo hilo. Nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya ghala la kuni, nimeziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimsikia Baltazari. Hakuna aliyemweka kisu shingoni, niamini. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeelekeza njia ya sokoni: "Muulizeni mpishi. Vile vyombo ni yeye aliyekuwa anavishika."

Baba alijibu, "Madamu atakuwa alienda nayo, mimi sikuambiwa."

Mara tatu alisema hivyo. Mara ya nne hakusema.

Basi. Hilo sitalieleza zaidi. Lakini kuna kuuawa halafu kuna kuuawa mara ya pili. Baltazari alieneza kwamba Yohana aliiba sinia ya misheni, kwamba alifia tamaa yake. Habari ile ilivuka ziwa pamoja na sisi, ikaingia kambini Tanzania, ikapata karatasi za kusafiri, ikaja mpaka hapa Stockholm. Na Baltazari naye akaja, akakaa Hallonbergen, akawa mzee wa kanisa, anakaa mstari wa mbele na suti ya kijivu. Kila nilipoomba wazee wetu waje tuondoe kilio cha baba, yaani ile siku ya kukaa pamoja, kuomba, kula nyama, na kumwachia marehemu aende kwa heshima, Baltazari alikohoa, akasema, "Mama Furaha, mambo mengine tuyaache. Mwizi anaombewa nyumbani, kimya kimya." Wazee wakaangalia viatu vyao. Karibu miaka thelathini kilio cha baba yangu kilikaa bila kuondolewa. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka duniani. Sikutaka kingine.

Sasa njoo Vällingby.

Kazi yangu ni kutoa vitu kwenye nyumba za waliokufa. Waswidi wana neno lake, dödsbo. Mtu amekufa, ndugu wanachukua wanachotaka, kisha tunaitwa sisi tuondoe vilivyobaki na kusafisha. Bwana wa kazi ni Deo, Mrundi, mwenye gari kubwa jeupe na mdomo mkubwa zaidi. Naye namtaja, maana mpaka leo anawaambia watu kwamba sinia aliiona yeye kwanza. Hakuiona yeye kwanza. Alikuwa amekaa ndani ya gari anakula ndizi.

Ilikuwa Desemba, ile wiki ambayo jua linachungulia halafu linajutia. Nyumba ilikuwa ya mama mzee aliyekufa peke yake. Kwenye mlango kulikuwa na jina la familia la Kiswidi, halikuniambia kitu. Mpwa wake alikuja na koti la michezo, ameshachukua picha za ukutani na saa ya ukutani, akatuonyesha chumba cha chini ya nyumba.

"Huko chini ni takataka tupu," akasema kwa Kiswidi. "Tupeni vyote. Mkipenda kitu, chukueni."

Deo akapakia makochi. "Mama Furaha, weye baki hapa umalize jikoni. Miye napeleka hivi vitu, nachelewa kidogo, kule kuna foleni. Ukimuona mwenye nyumba, umusalimie, sha. Umwambie funguo ziko na Deo."

"Nenda huko," nikamwambia. "Mwenye nyumba akikuona wewe atakufa tena."

Akaenda akicheka. Nikashuka chini ya nyumba. Nyuma ya skii na makopo ya rangi niliona kitu kimeviringishwa kitenge. Kitenge! Cha njano, kimechakaa, kimefungwa kwa kamba ya mkonge. Vällingby na kamba ya mkonge wapi na wapi?

Nikakibeba mpaka jikoni, nikakifungua. Ndani kulikuwa na kitu cheusi kama sufuria la mkaa, na kifuniko juu yake. Mtu asiyejua angekitupa. Mimi ni mtoto wa Yohana. Nikachota majivu kwenye tanuri la sebuleni, nikayachekecha kwa chujio la chai, nikatafuta limau, nikapata nusu iliyokauka ndani ya friji, nikavua soksi yangu moja. Nikasugua kama baba alivyonifundisha, kwa mstari, si kwa kuzungusha. Likatokea tawi. Halafu tawi jingine. Halafu mti.

Nilijiambia, ziko nyingi duniani. Nikageuza. Simba, mguu juu. Viktoria na pua yake. Nikajiambia, ziko nyingi. Nikaiweka mezani. Ikachechemea.

Nikachukua kifuniko, nikapitisha kidole ndani, taratibu, kama mtu anayetafuta uvimbe mwilini. Ukucha ulikuwa pale.

Nilikaa sakafuni. Sijui nilikaa muda gani. Nilipoinuka dirisha lilikuwa jeusi kabisa, na saa ya jiko ilisema saa kumi jioni. Ndiyo, saa kumi tu, na usiku umeshaingia. Anayeishi huku anajua.

Sasa sikiliza kosa langu. Nilikuwa na chakula changu kwenye kopo, mbuzi na bugali wa jana. Nilikipasha moto. Na tamaa ikanishika, tamaa ya mtoto, nikaiweka ile nyama juu ya sinia, nikamwaga mchuzi uteremke kwenye mti mpaka kishimoni, nikafunika kwa kuba. Nikavuta kiti. Nikafunua. Na kabla ya kumega, mdomo wangu ukasema wenyewe kile ambacho umesema maisha yake yote:

"Karibuni."

Kwetu mtu hali kimya kama panya. Hata ukiwa peke yako shambani unakaribisha, maana huwezi kujua nani anapita. Kazini hapa niliwakaribisha Waswidi miaka mingi, wakaniangalia kama nimewaomba damu. Hawa ni watu ambao mtoto wa jirani akija kucheza, wanaenda kula na kumwacha chumbani na midoli! Lakini tabia haifi. Nikasema karibuni, ndani ya nyumba ya marehemu, mbele ya sinia yake. Ni nani mwingine angefanya ujinga huo isipokuwa mtu wa kwetu?

Kutoka ukumbini sauti ikajibu.

"Asante, mwanangu. Nakuja."

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha kwetu, cha milimani, kile cha polepole.

Nilidhani ni Deo ananitania. Deo hana sauti ya mama mzee. Nikasikia soksi zilizolowa zikikanyaga mbao, pwata, pwata, na akaingia. Mrefu, ameinama kidogo, sweta ya njano, nywele nyeupe lakini kwenye ncha bado kuna ile rangi. Alivuta kiti mbele yangu akakaa. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna Mswidi niliyemuona akikifanya. Alinyoosha mikono miwili juu ya beseni la vyombo lililokuwa mezani na kungoja.

Angekuwa amekunja uso, au ametoa meno, ningekimbia. Lakini mgeni amenyoosha mikono. Ungefanya nini? Nilichukua jagi nikamnawisha. Maji yalipita. Yalianguka kwenye beseni na mezani, na mikono yake ilibaki mikavu.

Alikula. Alimega kwa vidole vitatu, akachovya kwenye kishimo, akafumba macho. Mimi nilishika ukingo wa meza ili nisikimbie, na bado, niamini, kitu kimoja ndani yangu kilikuwa kimetulia kama mtoto dirishani.

"Pilipili kidogo," akasema. "Yohana aliweka tangawizi."

"Ndiyo, Madamu."

"Wewe ndiye uliyeangusha kifuniko."

"Ndiyo, Madamu."

"Baba yako alisema aliangusha yeye. Nikamkatia mshahara." Akachovya tena. "Nilijua ni wewe. Nikamkatia hata hivyo."

Hilo sikulijua. Nusu ya maisha yangu imepita na sikulijua.

Nikamwambia, "Madamu, baba alikufa kwa ajili ya hii sinia. Walisema aliiba."

"Sikuiacha," akasema. "Nilitoka nayo. Baltazari alifunga sanduku kwa mikono yake. Kitenge hiki alinipa yeye. Nikamwambia, mwambie Yohana nimeichukua, asije akaitafuta. Akanijibu, nimekwisha kumwambia, Madamu."

Kumbe. Yule mtu alijua. Aliposimama pale na kusema muulizeni mpishi, alijua sinia imekwisha kuondoka na ndege. Redio na mashuka vilikuwa nyumbani kwake, na alitaka macho ya watu yaende kwingine.

"Lakini wewe ulisikia," nikamwambia. Hofu ilikuwa imeanza kugeuka hasira. "Habari zilifika huku. Kwa nini hukuandika? Barua moja tu, Madamu. Karatasi moja."

Aliacha kula.

"Barua ilikuja," akasema. "Wakaniambia Yohana ameuawa kwa wizi. Niliikunja. Nilisema nitaandika kesho. Nikafikiria watasema, kumbe ni kosa lako, ungewaambia watu wote mapema. Kesho ikaja na kesho yake. Nikaipeleka chini, nisiione. Sikuisafisha tena, sikula nyama juu yake tena." Akaangalia mikono yake mikavu. "Nimekaa hapa miaka mingi na hakuna mtu aliyenikaribisha mezani. Hakuna hata mmoja. Wewe umenikaribisha."

Basi namtaja na yeye. Baltazari kwa ulimi wake, na Bibi Karoti kwa kunyamaza. Alikuwa mtu mwema, alizalisha nusu ya kijiji, mimi mwenyewe alinipokea kwa mikono yake. Na alinyamaza.

Mlango wa mbele ukafunguliwa kwa kishindo. "Mama Furaha! Mbona taa hukuwasha? Unaongea na nani?"

Nikageuka. Niliporudisha macho kiti kilikuwa tupu, kimevutwa nyuma. Nyama ilikuwa pale pale, haijapungua hata kipande, lakini mafuta yote yalikuwa yameganda meupe kama nta. Niliweka kipande mdomoni. Ilikuwa kama kutafuna gazeti.

Deo akaangalia maji mezani, akaangalia kiti, akaangalia mguu wangu usio na soksi. "Sikia," akasema, "hiyo feza tugawane."

"Iguse," nikamwambia.

Sijui aliona nini usoni kwangu. Hakuigusa.

Niliiviringisha nikakimbia. Na hapo ndipo kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Kwetu mgeni anasindikizwa. Unamtoa mlangoni, unatembea naye kidogo, unamwambia nenda salama. Usipomsindikiza, ameondoka vipi? Mimi nilimkaribisha, nikamnawisha, nikamlisha, halafu nikatoka mbio bila kumuaga.

Kwenye treni, saa ile watu wanatoka kazini, wamesimama wamebanana, kiti cha pembeni yangu kilibaki wazi mpaka kituo cha kubadilishia, Fridhemsplan. Hakuna aliyekaa. Kwenye treni ya pili, hivyo hivyo. Katoto kamoja kakamvuta mama yake, kakasema kwa Kiswidi, bibi yule soksi zake zimelowa. Mama yake akamwambia asinyooshee watu kidole. Mimi sikugeuka.

Wiki mbili baadaye niliwaalika watu wa kwetu kwenye ukumbi wa chini ya jengo letu. Sikusema ni kilio. Nilisema ni shukrani, Furaha amepata kazi. Ningesema kilio wasingekuja. Nilinunua mbuzi, nikapika mguu mzima na tangawizi, kama baba. Furaha, binti yangu, alinisaidia kubeba. Akaniuliza kwa Kiswidi, maana hao ndio watoto wetu, kwa nini nimeweka kiti kimoja cha ziada kichwani mwa meza. Nikamwambia cha mgeni. Sikuwa nimekiweka mimi.

Baltazari alikuja. Palipo na nyama Baltazari hakosi. Wazee wakasema, kama kawaida, mkubwa wa kutoka nyumbani ndiye afungue na kukata. Akasimama, akavuta mikono ya suti. Nikatoka jikoni na sinia chini ya kuba lake, inang'aa mpaka taa zinaumia, nikaiweka mbele yake. Ikachechemea.

Aliinama akaangalia ule mguu mfupi.

"Hii," akasema kwa sauti ndogo, "umeitoa wapi?"

"Funua, Mzee Baltazari. Nyama inapoa."

"Nakuuliza umeitoa wapi."

"Aa, Mzee, njaa!" Mama Riziki akasema kutoka mwisho wa meza. Yeye ndiye mkubwa wa akina mama wetu, na haogopi mtu. "Maswali ni ya polisi. Funua!"

Watu wakacheka. Akashika kifuniko. Alipokiinua, uso wake ulionekana ndani ya fedha, umevutika kama vile nyuso zinavyofanya kwenye kuba. Alitazama pale ndani. Halafu akageuza shingo, polepole, akaangalia kile kiti cha ziada. Sisi hatukuona kitu pale. Naapa... hapana, nilisema sitaapa. Hatukuona kitu, ila chini ya kiti sakafu ilikuwa na maji, alama mbili, kama za nyayo.

Baltazari akafungua mdomo, akajibu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, lakini alijibu, kama karani aliyeitwa ofisini:

"Sikumwambia, Madamu. Nilikuambia nimemwambia, lakini sikumwambia. Nilifunga mimi sanduku. Nilijua imekwenda. Nilijua, Madamu, usinitazame."

Kifuniko kikaanguka. Kilizunguka sakafuni muda mrefu, unaujua ule mlio, na hakuna aliyeinama kukiokota. Baltazari alitoka bila koti, nje kuna theluji.

Wote walikuwa wameelewa. Kila mtu pale alikulia kwenye habari ya ile sinia. Mama Riziki akasimama, akaweka kidole kwenye ule mti wa fedha, akaufuata mpaka kishimoni.

"Basi Yohana hakuiba," akasema.

Wazee wakaangalia viatu vyao. Akarudia, akitazama wazee mmoja mmoja: "Nimesema Yohana hakuiba."

"Hakuiba, mama," wakasema.

Na hapo hapo, bila kupanga, tukaondoa kilio. Mama Riziki aliomba, wazee wakaimba zile za zamani, za milimani, na mimi nilimega bugali nikawapa watoto wachovye kwenye kishimo, mdogo kwanza. Deo alikula vipande sita. Nililia kama aliyefiwa asubuhi ile.

Unadhani imeisha? Ningefurahi.

Baltazari bado yuko Hallonbergen. Kanisani haji. Mchungaji amenijia mara mbili, eti nisamehe, mzee anaumwa, anasema nyumbani kwake kila chombo kinamtazama. Nimemwambia Mchungaji arudi nikiwa nimekaa na hasira yangu miaka thelathini, maana baba yeye alikaa na jina lile miaka thelathini. Tuhesabiane sawa.

Mgeni wangu naye hajaondoka. Kila Jumamosi naosha sinia, naikausha, naiweka juu ya kabati. Jumapili asubuhi kishimo kina mchuzi, wa vuguvugu, una harufu ya tangawizi. Furaha akija anasema nyumba inanuka sweta iliyolowa, na hataki tena kulala kwangu. Na nyama, tangu Vällingby, mdomoni mwangu haina ladha yoyote. Niliyempikia siku ile alikula ladha yote akabaki nayo. Hata siku ya kilio watu walijilamba vidole, mimi nilitafuna gazeti.

Najua dawa yake. Mama Riziki ameniambia, na hata asingeniambia ningejua. Nifungue mlango, nitembee naye mpaka kituo cha treni, nimwambie nenda salama, Madamu. Ni hatua mia mbili tu. Nimevaa viatu mara nyingi.

Lakini jioni, giza la saa kumi likiingia, nasikia kiti kinavutwa jikoni, na sauti inaniambia kwamba Yohana alipenda kuimba akimenya vitunguu ili watu wasijue kama analia. Kwamba alinibeba mgongoni huku anakoroga. Mambo ambayo mimi nilikuwa mdogo sikuyaona, na hakuna mwingine aliyebaki duniani wa kunieleza. Ndugu zangu wamekufa, kijiji kimekwisha. Basi navua viatu, nakaa, namwambia kesho nitakusindikiza. Kesho, kama vile yeye alivyosema kuhusu ile barua.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiingia kwenye nyumba ya marehemu, kula umefunga mdomo. Na kama umeteleza, ukasema karibu na mtu akajibu, msindikize siku hiyo hiyo, kabla hajaanza kukusimulia habari za kwenu.